Nimeshika Nyundo, Mama

Ubungo, Dar es Salaam

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha ulale. Mimi na mama mdogo hatujambo, ila joto la huku linatutoa jasho hata tukiwa tumekaa.

Safari yangu ya picha inakwenda vizuri. Katika mitaa ya Mtoni nimepiga mafundi viatu na wakaanga samaki, na fundi mmoja alinisumbua akitaka apigwe upande usio na pengo. Ila waandaaji wa maonyesho ya picha walinibana: nisipoleta picha ya wanawake kazini, nafasi yangu ukutani atapewa mwingine. Basi nikapanda Madale kwa wagonga kokoto.

Wakanikatalia. Kiongozi wao, Filomena, mama asiyecheka ovyo, alisema wenye kamera huwapiga wakiwa na vumbi kisha huenda kuonyesha umaskini wao, ilhali nyumba zote za bondeni zimesimama juu ya kokoto zao. Nilibembeleza mpaka midomo ikakauka. Mwishowe nikasema mama yangu naye anagonga kokoto, Uyole. Wakaguna. Filomena akajibu kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, akanisogezea nyundo.

Mama, tangu nilipofaulu kwenda sekondari ulinikataza nisiishike tena, ukasema mikono yangu ni ya kalamu. Leo naungama: nimeishika. Nilitega jiwe ndani ya duara la mpira ili vipande visiruke machoni, nikaligonga penye mshipa kama ulivyonifundisha. Likapasuka mara moja. Mmoja wao akanipisha kivulini, nikaendelea kugonga nao. Filomena akanivua kamera shingoni, akauliza pa kubonyeza.

Picha aliyoipiga ndiyo iliyochaguliwa. Nipo katikati yao, nyundo juu, nacheka. Mwandaaji mmoja alikunja uso niliposema si mimi niliyeipiga. Nikamwambia jina la Filomena lisipoandikwa, nashusha picha zangu zote. Limeandikwa. Na langu nimeomba liandikwe hivi: Lusungu, binti wa mgonga kokoto wa Uyole. Najivuna, mama, mpaka naona aibu kujivuna hivi.

Nauli nimemtumia mdogo wangu Didas, akusindikize mje siku ya ufunguzi wa maonyesho. Wasalimie majirani na wanakwaya wenzako. Na siku hiyo, tafadhali, usiifunike mikono yako kwa kanga kama ufanyavyo kanisani. Filomena ameomba aishike.

Mwanao mwenye malengelenge,
Lusungu