Moto Wako kwa Vipimo vya Houston

Mama yangu mpenzi,

Leo sikuandikii kulia. Nimelia vya kutosha tangu ututoke, na wewe mwenyewe hukupenda mtu wa kulialia. Nakuandikia kujisifu. Jumamosi mjukuu wako Rukia aliolewa hapa Houston, na mikate ya mayai ya arusi niliipika mimi.

Ndiyo, mimi, kitinda mimba wako, uliyekuwa ukimfukuza jikoni kwa ncha ya leso. "Huyu hana subira," ulikuwa ukisema, "atafunua kabla ya wakati." Dada zangu uliwafundisha, mimi nikawa wa kuchungulia mlangoni. Nilikuona ukipanga makaa chini ya sufuria na juu ya kifuniko, kisha ukikinga kiganja kwenye moto na kumsalia Mtume. Ukifika mara tatu ndipo joto likushinde, moto ni wa mkate. Ukishindwa kabla, unapunguza makaa. Niliwaonea wivu dada zangu, Mama, na sikuwahi kukwambia.

Tulipokununulia oveni kule Mombasa, nilikuvizia. Uliikinga mkono vilevile, ukageuzageuza kitufe mpaka ukaridhika, nami nikasoma namba: 180. Nikaiandika kwenye daftari na kujiona nimekuibia siri.

Sasa nicheke. Mkate wangu wa kwanza Houston niliuweka kwenye 180 hiyohiyo. Baada ya saa nzima ulikuwa bado uji. Nikalaumu mayai, nikalaumu unga wa Marekani. Rukia akapita jikoni, akatazama namba.

"Mama, hiyo ni Celsius. Huku wana-use Fahrenheit. Weka three-fifty."

Nikamwambia najua. Sikujua.

Kwenye 350 mkate ulipanda vizuri, na tangu hapo hakuna aliyenitisha. Lakini mikate ya arusi ilikuwa mingi, ikabidi nikaipikie Missouri City, mji wa hapa jirani, kwa wifi yangu Asha, mwenye oveni kubwa ya feni. Feni husukuma joto, kwa hiyo namba hushushwa ishirini na tano. Nikashusha, nikaweka 325. Mkate wa majaribio ukaungua juu na kubaki mbichi katikati.

"Wifi yangu, tununue keki dukani," Asha akasema kwa upole. "Nani atajua?"

Ningejua mimi. Rukia aliomba kitu kimoja tu cha kwetu katika arusi yake, nacho ni mkate wa bibi yake. Na zilibaki siku mbili.

Basi nikarudi kwako. Niliwasha oveni yangu ninayoiamini, nikaingoja ifike 350, nikafungua mlango na kuingiza kiganja. Nikamsalia Mtume mara mbili, ya tatu ikanishinda. Nilisimama pale nikifikiri. Kiganja chako kilikomazwa na makaa maisha yako yote, changu kinashinda kazini ndani ya glavu za hospitali. Tatu zako ni mbili zangu. Hesabu hiyo hakuna aliyeniandikia popote, Mama, nimeipata mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwa Asha. Kwenye 325 hata ya kwanza sikuimaliza. Oveni ile ina moto kuliko namba yake. Nikashusha kidogo, nikangoja, nikajaribu tena. Rukia akanikuta na hina yake mikononi.

"Mama, you'll burn yourself, na leo ni arusi yangu."

"Nyamaza, napima."

Kwenye 290 nilimaliza mbili kamili. Nikatia mikate, nikakaa kwenye kiti mbele ya kioo cha oveni na sikufungua mpaka ikaiva. Yote ilipanda sawasawa.

Ukumbini alikuwepo Bi. Mize, jirani yako wa zamani, siku hizi anakaa DeSoto, mji mwingine wa hukuhuku Texas, kwa mwanawe. Alitafuna kipande polepole, akaniuliza, "Huu kaupika nani?"

Miaka yote mtu akisifu chakula changu hujibu kwamba ni cha mama. Nilifungua kinywa kusema hivyo.

"Mimi, Bi. Mize," nikasema.

Akanitazama sana, kisha akaomba kipande kingine. Nami nikageuka kukutafuta kati ya wale wanawake, kama mjinga, nikitaka uwe umenisikia.

Nimekukosa, Mama. Mungu akulaze pema.

Mwanao wa mwisho,
Mama Rukia