Tumbo Ni Langu, Dawa Tunameza Wanane

Tarehe 9 mwezi wa tatu. Leo ni mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke nyumbani.

Mama mshauri, shikamoo. Mimi ni fundi vigae, shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nikisahau nukta mahali wewe iweke. Naomba unisaidie kabla tumbo halijanimaliza au wenzangu hawajanimaliza kwa maneno, maana sijui kipi kitatangulia.

Nina vidonda vya tumbo mwaka wa nne sasa, na kazi yangu ni ya kuinama, ukiinama na kigae mkononi kile kichungu kinapanda mpaka kooni kinachoma kama kaa la moto, ukiinuka kinashuka, ukiinama kinapanda, jengo lina ghorofa kumi na moja na mimi nimelipanda lote kwa magoti na kiungulia. Hospitali walinipima wakasema kuna bakteria wamehamia tumboni, wakanipa vidonge vya aina tatu, asubuhi na jioni, siku kumi na nne bila kuruka hata mara moja.

Tatizo ni chumba. Tunalala wanane, vitanda vya juu na chini, tunakula sinia moja, sabuni moja, chaja moja, na hakuna asiyelalamika tumbo, kwa sababu wote tunakula mbio mbio na tunakula tulichokikuta. Siku ya kwanza nafungua pakiti, mfunga nondo wa kitanda cha juu, ambaye tunamwita Mjomba kwa kuwa ndiye mkubwa wetu, akauliza, "Hizo za nini?" Nikasema za tumbo. Akasema, "Kwani tumbo unalo peke yako?" Sasa mama, hilo swali wewe ungelijibuje? Nikampa. Mpishi wetu naye akasema, "Mimi nipe hiyo nyekundu, ya njano haipatani na mimi." Mchanganya zege alikuwa anaumwa jino, akameza, jino likatulia, na kuanzia hapo nikaitwa Famasi, wakawa wanapanga foleni miguuni pa kitanda changu kila baada ya kula. Dawa ya siku kumi na nne iliisha siku ya tatu.

Mara ya pili nilizificha ndani ya kiatu, nikameza siku tano, tumbo likapoa kabisa, nikaona si busara kumaliza dawa na mtu ameshapona, zilizobaki nikaziweka akiba. Mjomba akaziona. "Umepona, sasa hizi unamwekea mgonjwa gani, na wagonjwa tuko hapa?" Zikaenda.

Hii ni mara ya tatu. Daktari, mama mmoja mkali, alinitazama akasema, "Fundi, dawa ninazokupa unameza au unalishia kuku?" Akanibadilishia, akasema hizi ni nzito zaidi, na nikizichezea hajui atanipa nini tena, kwa sababu wadudu wangu wameshazizoea zile za kwanza. Nimezifungia kwenye sanduku, ufunguo nimeuvaa shingoni, na leo ni siku ya nne hakuna anayesema nami ila kwa mafumbo. Mchanganya zege akinipita anasema, "Watu wengine wakipata kidonge wanasahau walikotoka." Jana nimerudi nikakuta sinia limeshaliwa, wamenibakizia kijiko.

Mengine ni madogo madogo. Magoti yananiuma, kwa hiyo asubuhi kabla sijala nameza vile vidonge vya maumivu vya dukani, viwili viwili, na hivyo hawaniombi kwa sababu kila mtu ana vyake. Tena toka Alhamisi choo changu ni cheusi kama lami na kinanata, na nikiinuka kutoka kwenye magoti dunia inazunguka mpaka nishike ukuta, lakini hiyo naona ni vumbi la kukata vigae.

Swali langu ni hili, nitawanyimaje wenzangu dawa bila kuitwa mchoyo? Maana nikizidiwa ndio hao hao watakaonibeba. Mke wangu nimemwambia niko mzima kama chuma. Ni mimi Famasi, na ghorofa ya mwisho tukiimaliza mwezi wa saba, natarajia kuwa nyumbani tarehe kumi mwezi wa nane.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, fundi. Umeniuliza kuhusu uchoyo, na mimi nimekwama kwenye hayo uliyoyaita madogo madogo.

Vumbi la vigae linaingia puani. Niambie lilipita njia gani mpaka likatokea huko! Choo cheusi kama lami, chenye kunata, ni damu, baba. Kidonda kinavuja, damu inapita tumboni inageuka nyeusi, na hicho kizunguzungu ni mwili unakwambia imepungua. Watu hufa hivyo huku wakidhani wamechoka tu. Sikusubiri gazeti litoke. Nilipiga namba uliyoandika juu ya bahasha, akapokea mwenzako mmoja, akasema uko ghorofani kazini, kisha akaniuliza kama na yeye naweza kumwandikia vidonge. Nilimwambia akuteremshe na akupeleke hospitali saa hiyo hiyo. Nachapa na hapa, kwa kuwa vyumba kama chenu ni vingi.

Vile vidonge vya magoti acha kabisa. Ukivimeza tumbo likiwa tupu, na tumbo lenyewe lina vidonda, unatia chumvi kwenye jeraha kila asubuhi halafu unashangaa linawasha. Dawa za bakteria zibebe mkononi, daktari azione, aseme uendelee vipi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe maradhi hukuficha, uliyatangaza, kisha ukagawa tiba kama njugu. Nusu dozi haiui bakteria, inawasomesha. Na wewe Mjomba, usijifiche nyuma ya gazeti: ukubwa wako chumbani ungekuwa na maana kama ungewaongoza wote saba kwenda kupimwa. Huenda mna wadudu hao hao, huenda hamna, kitanda cha mwenzenu hakiwezi kuwajibu. Na jino, mchanganya zege, lina daktari wake.

Mkeo mwambie ukweli leo. Chuma gani hicho kinachoshika ukuta?

Sasa nisikilize vizuri, maana nimeshakujua tabia. Ukifika hospitali usikae kwenye benchi kimya kwa ustaarabu. Sema kwa sauti, aliye mlangoni asikie: "Nina vidonda vya tumbo, napata choo cheusi toka Alhamisi, na nikisimama naona kizunguzungu." Watakupitisha mbele ya watu wote. Atatokea mama mwenye kikohozi, atatokea mzee mwenye mguu, na roho yako laini itakuambia umpishe. Fundi, usimpishe mtu.