Usiichome Katoni Iliyo Chini ya Kitanda cha Mama

Doha, Ijumaa

Dada yangu Wakesho,

Pokea habari njema kwanza, hasira itafuata. Ndugu yako amebahatika! Nimepandishwa cheo kazini, sasa ni mkubwa wa walinzi. Nimehamia mtaa wa Najma, chumba changu peke yangu, kiyoyozi kinapuliza mpaka nalala na sweta, na ukutani kuna televisheni pana kama mlango wa kanisa. Kila Ijumaa, siku yetu ya kupumzika, vijana wanakuja kwangu kwa filamu za majini, wachawi na manabii. Wanavua viatu mlangoni. Huyu Mwadime wenu wa Voi, aliyeishia kidato cha pili, leo anangojwa kama mgeni rasmi.

Mko wazima lakini? Magoti ya mama yanasemaje? Shemeji bado anakoroma mpaka mbwa wa jirani wanamjibu? Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo inachemka, na aliyewasha jiko ni wewe.

Nimeandika kwa sababu simu umenikatia mara mbili kwa jina la Yesu. Karatasi huwezi kuikatia. Anakuletea Nesi Flora, binti wa yule fundi cherehani jirani yetu, anakuja likizo. Mpe chai, halafu usome akiwa hapo hapo, usije ukaruka mistari.

Ijumaa iliyopita tulikuwa katikati ya filamu. Ni ile ya tajiri aliyemtoa mama yake kafara apate mali, na sasa mama anarudi kila siku wakati wa chakula, anakaa mezani, anaomba chumvi. Mimi kama kawaida ndiye DJ. Unakumbuka kile kibanda cha video karibu na stesheni, picha inaongea Kizungu, mimi naitia Kiswahili, watu wanasahau hata kwenda kazini? Basi kazi ni ile ile. Mama amenyoosha mkono, tajiri anatetemeka na kijiko, pasta yuko nje anatafuta mlango. Hapo ndipo ujumbe wako ukaingia: "Nabii amesema hayo mavitabu yako ndiyo yamefunga familia, mama magoti na wewe njia ya kurudi. Mwisho wa mwezi tunayachoma kanisani."

Nikanyamaza, na filamu ikasimama.

"We DJ, umemeza ulimi?" akauliza Sadiki. Huyu ni mpishi wetu kutoka Likoni, mtu wa swala tano, ambaye akisikia neno jini anavuta shuka mpaka puani.

"Dada yangu anataka kuchoma vitabu vyangu."

"Achome, wallahi, lakini baadaye! Huyo mama kapewa chumvi ama hajapewa?"

Na Okello, mlinzi mwenzangu Mganda, ameshikilia rozari yake kama usukani wa lori: "Banange, usituache hapa na maiti mezani! Lete pasta kwanza, dada yako utagombana naye kesho!"

Sikuweza. Wakaninunia siku nzima, na mimi nikanuna kuwashinda.

Sasa tuongee, dada. Huyo nabii wako alikuwa wapi baba alipokuwa akivinunua vile vitabu kwa wachuuzi wa stesheni, kimoja kimoja, akatusomea jikoni huku ugali ukiiva? Kile cha mwanamke aliyeolewa na jini wa kisimani kilikuwa kimechanika kurasa za mwisho, baba akawa anatutungia mwisho wake. Leo jini anatubu, kesho anageuka mbuzi. Aliyekuwa akilia jini akigeuka mbuzi ni nani? Si wewe? Leo umeokoka unajifanya hujawahi kumhurumia.

Eti magoti ya mama ni mapepo ya vitabu! Magoti ya mama ni ya magunia ya mkaa, aliyabeba tangu mimi sijui a wala be. Mwambie nabii abebe gunia moja tu mpaka sokoni, tuone pepo gani litamkaa mgongoni.

Na eti vitabu ndivyo vinavyonizuia kurudi nyumbani. Dada, anayenizuia hana pembe wala mkia. Ni mudir, bosi wetu hapa, ananukia vizuri kama bwana harusi, na pasipoti zetu amezifungia kabatini kwake. Nikiomba ruhusa ananiambia "bukra", yaani kesho, na hiyo kesho yake haijawahi kupambazuka. Nimemchunguza sana. Radi haimpigi. Hageuki nyoka. Anakunywa chai yake, anafuta mdomo, anaenda zake.

Ndiyo maana nazipenda zile hadithi. Mle ndani mwenye kudhulumu haponi. Atakula, atacheka, atajenga ghorofa, lakini mkono utatoka ukutani umshike. Mle ndani Mungu anafika kabla watu hawajainuka kwenda zao. Wewe unaona mashetani tu kwa sababu hujawahi kukaa mpaka mwisho. Hizo filamu unazozilaani zina maombi mengi kuliko hema lenu zima, na hakuna anayekupitishia kikapu cha sadaka katikati.

Basi sikia, na hapa sitanii. Flora akirudi huku, mpe hiyo katoni ya vitabu iliyo chini ya kitanda cha mama. Ikimshinda uzito, mpe kile cha jini wa kisimani peke yake. Nabii akisisitiza lazima kitu kiungue, suruali yangu ya shule iko nyuma ya mlango, mpe hiyo.

Mama mwambie hasira hii si yake, na asiiname tena kufua. Nisalimie shemeji, na shangazi wa maharagwe pale sokoni, na mjomba wa baiskeli ambaye bado ana pampu yangu. Nabii usimsalimie. Ama msalimie, lakini kidogo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikifoka,

Mwadime

Flora bado anafunga mizigo, kwa hiyo naongeza. Yeye anajua ninakolala na wewe utamuuliza, afadhali unisikie mimi. Niko Industrial Area, kwenye kambi ya wafanyakazi, kitanda cha juu, chumba tumejazana, kiyoyozi kilikufa zamani. Ijumaa wanakaa chini wananitazama mdomo, na mimi nawasimulia kwa kichwa, za baba na za kile kibanda, natoa sauti ya tajiri, ya maiti, ya pasta. Bado wananidai mama apewe chumvi. Na hadithi zimekaribia kuniishia, dada. Cheo sina, chumba sina, na televisheni haijawahi kuwepo. Nilikudanganya.