Kipande cha Shabu

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko nyumbani? Mguu wa bibi umepona? Huku kwa mama mdogo sote wazima.

Mama, huku bomba liko uani, kila nyumba na lake. Jana nilifungulia nikabaki nayatazama maji tu. Mama mdogo akafoka: "Wewe, unanawa au unafuga samaki?" Nikacheka, kisha nikajifungia chooni nikalia. Nchi moja, jua moja. Kwa nini mabomba yaishie huku, nyinyi mgombanie dimbwi na ng'ombe?

Shuleni mwalimu alizungusha shabu, jiwe la kusafishia maji, kwenye maji machafu, tope likazama, maji yakawa meupe. Nimempa dereva wa lori kipande akuletee. Kizungushe kwenye ndoo ya maji, uyaache yatulie. Mdogo wangu Kiroboto asinywe tena tope.

Mwanao,
Kimya

19 Machi

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Tupo, ila mguu wa bibi bado unasuasua.

Shabu hiyo! Majirani wamekuja kushangaa. Mdogo wako anainamia ndoo, anajiona majini, anajikunjia sura, anacheka mwenyewe. Bibi anasema ungekuwa mganga tungetajirika. Na mgongo wangu umepumzika: maji yameng'aa hivi, ya nini kuyachemsha? Kuni nazirundika tu nyuma ya jiko.

Mama yako

27 Machi

Mama,

Shikamoo. Salamu nyingine nisamehe. Chemsha!

Mwalimu anafundisha kwa lugha ya shule, mbiombio, na siku ile maneno ya mwisho yalinipita. Niliona haya kuuliza. Barua yako ilipofika ndipo nikanyoosha mkono, mara ya kwanza tangu nije. Shabu inazamisha tope tu, Mama. Vijidudu vinabaki, ila havionekani. Darasa zima lilinicheka. Wacheke.

Kiroboto hajambo? Niambie hajambo.

Mwanao,
Kimya

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Lori liliharibika njiani, barua yako imefika jana.

Kiroboto aliharisha siku mbili. Nilimpa maji mengi, yale yale meupe. Tumemzika kando ya babu yako.

Usijilaumu. Hatujawahi kuona maji mazuri vile, nani angeyashuku? Jirani amekuja kuomba shabu. Nimemkatia, nikamwambia achemshe.

Kuni zilikuwa tele. Ndizo tulizopashia maji ya kumwosha.

Mama yako