Chumvi ya Mama kwenye Viazi vya Wafa

Madale,
Dar es Salaam.
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Reem,

Assalaam aleikum. Vipi huko Muscat, joto limewaachia? Na ule mguu wako umepoa? Sie huku wazima, alhamdulillahi, ila mvua imetutenda. Na yule Hyder mwenye duka kaoza binti, hakutuletea hata sambusa moja! Haya, tuyaache.

Nakuandikia habari za mwanao. Wafa kapewa jaribio la shule, sijui osmosisi, mie hata kulitamka ulimi unateleza. Anakata viazi kama chipsi, vingine anatia kwenye glasi ya maji matupu, vingine maji ya chumvi. Vya maji matupu vinatakiwa vikakamae, vya chumvi vilegee.

Keshajaribu mara mbili, vyote vinalegea kama mlenda. Mwalimu kamwambia akikosea tena anamtoa darasa la sayansi. Na unesi ndio roho yake, unamjua. Kalia mpaka macho yamevimba. Mie la kumsaidia sina, shule yenyewe niliishia la tatu.

Kumbe anayeharibu ni mama yetu! Si unakumbuka alivyokuwaga anauza chipsi Kawe? Kiazi kilichomenywa hakilali bila chumvi, kitakuwa cheusi. Sasa kumbukumbu zimemtoka, lakini mkono haujasahau. Juzi namkuta na kopo, anatia chumvi glasi zote mbili. Nikamwambia, "Mama, hivyo vya shule!" Akanitolea macho: "Shule gani inakula viazi vyeusi? Mvivu wee!"

Jana nikamlaza chumbani kwangu, mlango nikafunga. Asubuhi nikamfungulia, Wafa anarukaruka: "Mama mkubwa, vimekakamaa!" Kweli, nimekigusa, kigumu kama penseli. Akaenda kuvaa sare, mie nikageukia chai tu. Chai tu, Reem! Mama keshamwaga kopo zima la chumvi kwenye glasi. Wafa anatoka na sare yake, viazi vimeshaanza kulegea.

Nikadhani ataangua kilio. Wala. Kamwangalia bibi yake, akamwuliza, "Bibi, imekolea?" Mama akachovya kidole, akaonja. "Ongeza kidogo, Reem mwanangu."

Akaongeza. Kisha akabeba glasi zake hivyohivyo, akaenda.

Mie nimebaki hapa na mama, kalala, katulia kama mtu aliyemaliza kazi. Nimgombeze vipi? Na kwa mwalimu niende nikaseme nini mie? Wewe umesoma, una maneno. Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu, na namba ya mwalimu pia, mpigie leo. Mie nikipiga nitalia.

Nisalimie mumeo Sultan na mtoto Azzam. Fatmabai wa jirani anakusalimu, kachori zake bado zinatushinda. Mungu akuweke, na amfungulie mwanao mlango huo, maana ufunguo mie sinao.

Ni mie dada yako nikupendaye,
Thuraya