Shoka Liweke Chini

Marahaba, Salimu, ila shikamoo yako imenikuta nimeshtuka! Nilikuwa bado najichekea kwa furaha ya harusi, hina haijanitoka mikononi, nikasoma katika barua yako kwamba unataka kuikata michikichi yako ya Horohoro kwa sababu inatoa maua ya kiume tu. Niliruka hadi babu yako mpya, kipenzi changu, akadhani nimeumwa na nge. Huku Tongoni hatujambo. Kila asubuhi ananichemshia chai, raha tupu!

Sasa nisikilize. Nilipokuwa msichana, baada ya kiangazi kikali, mchikichi wetu nao ulitoa maua ya kiume tu. Baba akasema, "Mti mwanamume huu, wa nini?" Akauangusha. Tulipomenya kilele ili tule kile kiini chake kitamu, mama akapiga ukelele. Kwenye makwapa ya makuti machanga kulikuwa na vikole vya kike, mashada ya maua yasiyochanua bado, vidogo kama vidole vya mtoto.

"Baba Mwanaidi, umemchinja mjamzito!"

Baba aliketi palepale. Kiini hakuna aliyekionja.

Mchikichi mmoja hutoa maua ya kiume, kisha ya kike. Ukiona kiu, huzidisha ya kiume. Hata mimi watu walisema nimeshamaliza kuchanua, na nitazame leo!

Mwagilia, tandaza makuti shinani, usikate hata mmoja. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja na babu yako tuitazame sote.

Bibi yako, Mwanaidi