Nimesafisha Kompyuta ya Mke Wangu, Sasa Haiwaki

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima na taadhima naujulisha umma kwamba kompyuta ya mke wangu sasa ni safi kuliko zote mtaani, safi kiasi kwamba haiwaki, na ndiyo maana naomba msaada wako. Mimi ni mtunza stoo kwa miaka ishirini na mbili sasa, na stoo kwetu kitu kisichoguswa mwaka mzima kinatupwa, basi mke wangu, fundi cherehani, alipolalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, nikaingia humo na miwani yangu na kiburi changu, nikakuta mafaili ya mfumo yamekaa miaka tisa hayajaguswa na mtu, nikayafuta, kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika, mimi, mtu wa stoo, naulizwa uhakika! nikabonyeza ndiyo mara tatu, na yale mafaili ya muda, kwa kuwa yalikuwa ya leo leo, nikayapanga vizuri kwa ukubwa, madogo mbele. Ilipogoma kuwaka nikasema labda ni shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa kompyuta, maana ndiye aliyeigusa juzi, na mke wangu akampigia pale pale: "Kaka, vipimo vya wateja wangu wote vimo humo, umefanya nini?" Shemeji akaapa, akasema, "Hebu muulize mumeo." Mke wangu akacheka kwa hasira: "Huyu? Huyu hata kuiwasha anaita mtu!" Nami nikawaacha waendelee. Leo siku ya nne hawasemezani. Nifanyeje?

Mtu wa Stoo

Ndugu Mtu wa Stoo,

Pole, ingawa anayestahili pole ni shemeji yako. Umeng'oa nguzo za nyumba, ukabaki kupanga takataka. Mafaili ya mfumo hayaguswi, hata yawe na umri wa babu yako. Ya muda ndiyo ya kuondoa: unafunga programu zote, unaizima na kuiwasha, kisha unaiachia kompyuta isafishe yenyewe kwa kifaa chake cha usafi. Na vipimo vya wateja vinakiliwe kwenye flashi, viwe na pa kukaa pengine.

Sasa mikono mfukoni, usiiguse tena. Huenda vipimo bado vimo. Fundi anaweza kuchomoa diski na kuvitoa kabla ya kupakia mfumo upya. Fundi unaye, ila umemsingizia. Mwite leo, uketi naye pamoja na mkeo, useme hivi bila kuongeza chumvi:

"Shemeji hakufanya kitu. Nilifuta mimi, mashine ikiniuliza mara tatu. Nikamsingizia kwa aibu. Halafu mke wangu aliponitetea kwamba hata kuiwasha sijui, nikaona afadhali nionekane mjinga kuliko mkosaji, nikawaacha mgombane. Nisameheni."